Pua ya Fundi wa Gesi

Kuna watu wanaotanguliwa na kitambi wakitembea, na wengine wanatanguliwa na sauti. Fundi wa gesi wa ile shule ya bweni alitanguliwa na pua. Si kwamba ilikuwa kubwa, ingawa ndogo nayo haikuwa. Ilikuwa na cheo. Walimu waliijua, wapishi waliiheshimu, na mlinzi wa getini akimwona anakuja alisema, "Pua hiyo, mwenyewe yuko nyuma." Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Alikuwa Fundi Pua, basi.

Kazi yake ilikuwa hii. Nyuma ya jiko la shule kulikuwa na zizi la ng'ombe, na nyuma ya zizi kulikuwa na tangi kubwa lililofukiwa ardhini. Kila asubuhi Fundi alizoa samadi kwa koleo, akaikoroga na maji ndani ya pipa mpaka ikawa nzito kama uji, akaimimina kwenye mdomo wa tangi. Humo ndani samadi ilichacha yenyewe ikatoa gesi, gesi ikafuata bomba, ikapenya ukutani, ikatokea jikoni chini ya masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea. Wanafunzi wapya wakiambiwa kwamba chai yao imechemshwa na kinyesi cha ng'ombe, waliguna siku ya kwanza. Siku ya pili walikuwa wanagombania chai.

Kazi hiyo ilichosha, usiombe. Ng'ombe hana Jumapili wala hana likizo, na hajawahi kuumwa tumbo kwa namna ya kukupunguzia mzigo. Mgongo wa Fundi ulikuwa umeshajikunja kufuata mpini wa koleo, na magoti yake yalilia kama mlango wa stoo. Jioni akifika nyumbani, alikaa kwanza kwenye kiti cha barazani na viatu vyake miguuni, akavitazama, na vyenyewe vikamtazama.

"Baba watoto, viatu havijivui," mkewe alikuwa akimwambia.

"Najua. Nangoja vione aibu."

Mkewe huyo ndiye aliyekuwa mpishi mkuu wa shule. Wapishi wenzake walimwita Mama Mwiko, kwa sababu mwiko wake ulikuwa mrefu kama kasia na haukuwa wa kukorogea tu. Hivyo mume alitengeneza gesi nyuma ya ukuta, na mke aliiwasha mbele ya ukuta. Wakikutana jioni, kila mmoja alikuwa amechoka kwa upande wake.

Sasa, kulikuwa na desturi katika jiko lile. Kila jiko lilipofunguliwa baada ya kufungwa kwa likizo, hakuna aliyethubutu kugusa kiberiti kabla Fundi hajafika. Alikuja taratibu, akasimama kizingitini, akainua kidevu, akafumba macho, akavuta hewa ndefu. Wapishi wakanyamaza kimya, hata yule shemeji yake mcheshi, mdogo wake Mama Mwiko, ambaye kunyamaza kwake kulikuwa tukio. Kisha Fundi alishusha kidevu akasema, "Washeni."

Desturi ilianza kwa haki. Zamani, siku moja, Fundi aliwahi kusimama pale mlangoni akasikia harufu ambayo hakuna mwingine aliyeisikia, akawatoa wote nje, na kweli bomba lilikutwa limepasuka. Tangu siku hiyo pua ikapanda cheo, na Fundi hakuikataa. Nani angekataa? Ukizoa samadi maisha yako yote halafu mwalimu mkuu akakuonyesha kwa wageni akisema, "Huyu ndiye," hata mgongo hunyooka kidogo.

Lakini siri yenyewe ni hii, na msomaji nakupa wewe kabla hata ya mkewe: ile pua ilikuwa imekufa.

Haikufa siku moja. Ilififia tu, kama betri ya redio. Fundi aligundua siku wageni walipokuja kuutazama mtambo. Alifungua mfuniko wa shimo la tope la samadi huku akieleza kwa madaha, mara akaona wageni wote wameziba pua na vitambaa. Alidhani wana mafua. Akainama juu ya shimo, akavuta hewa kwa siri. Hakusikia kitu. Akavuta tena, mpaka kifua kikamuuma. Ilikuwa kama kunusa sahani iliyooshwa.

Hakumwambia mtu. Aseme nini? Kwamba kile kinachomletea salamu za mwalimu mkuu ni matundu mawili tu ya kupitishia mafua? Akaendelea kusimama kizingitini, kidevu juu, macho kafumba, akivuta hewa isiyomwambia lolote, na kusema, "Washeni." Halafu alibaki pale amesimama, jasho likimtoka mgongoni, mpaka moto uwake salama. Wapishi walidhani hiyo ni heshima ya kazi. Ilikuwa ni hofu. Anayeinama na njiti ya kiberiti hakuwa mtu baki. Alikuwa mama wa watoto wake. Kila likizo ikiisha, Fundi alirudi nyumbani akiwa amechoka kuliko siku ya kuzoa zizi zima.

Ndipo akamkumbuka kitindamimba wake, binti aliyekuwa chuo cha ufundi mbali na nyumbani, akisomea umeme mdogo mdogo. Akampigia simu.

"Mwanangu, kuna mashine ya kunusa?"

"Ya kunusa nini, baba?"

"Gesi. Nataka… nataka kuisaidia pua. Imefanya kazi sana, na yenyewe ni mtu."

Binti alicheka, lakini mwezi haukwisha akatuma kifurushi kwa basi. Ndani mlikuwa na kibao chembamba chenye kichwa cha bati, mviringo kama kifuniko cha soda, chenye wavu mbele. Hiyo ndiyo sensa ya gesi, yaani kihisio chenyewe. Mlikuwa na kibao kingine, kidogo kama sanduku la kiberiti, ambacho binti alikiita maikrokontrola. Fundi alilitamka jina hilo mara moja, likamchosha, akakiita Kiubongo. Mlikuwa na kioo kidogo cha kuonyesha tarakimu, kitufe kimoja, na kipaza mlio cha ukubwa wa shilingi. Maelekezo binti aliyatoa kwa simu.

"Waya mwekundu uende kwenye umeme, mweusi kwenye alama ya ardhi, wa njano ndio unaopeleka habari kwa Kiubongo. Programu nimeshaiweka, usihangaike. Sasa sikiliza, baba. Sensa ina waya ndani unaopata moto. Iache iwake siku nzima kwanza, isipopashwa itakudanganya."

Fundi aliiwasha, akaigusa baadaye, akampigia tena. "Ina homa," akasema.

"Ndivyo inavyotakiwa. Iweke juu karibu na dari, gesi hii nyepesi, inapanda. Ikishapata moto, ukiwa kwenye hewa safi, bonyeza kitufe ukishikilie. Itakariri ile tarakimu kwamba hii ndiyo hewa safi. Kuanzia hapo, ikiona imezidi sana, inapiga kelele. Umeelewa?"

"Mwanangu, mimi nimeelewa ng'ombe, itakuwa hiki?"

Akagongelea msumari jikoni karibu na dari, akaitundika, akaiacha iwake siku nzima. Kesho yake akapanda kwenye stuli. Kioo kilionyesha mia tatu na ushei. Hewa safi, binti alisema, lazima iwe hewa safi. Fundi hakuwa mzembe. Madirisha yalikuwa wazi. Akashuka, akaenda kizingitini, akainua kidevu, akafumba macho, akanusa. Safi kabisa. Akapanda tena, akabonyeza.

Msomaji, kama umeshika kichwa, shika. Yeye hakushika.

"Shemeji," mdogo wa Mama Mwiko aliuliza toka kwenye masufuria, "mbona humu kuna harufu?"

"Ya ng'ombe hiyo. Zizi liko nyuma ya ukuta, ulitaka linukie marashi?"

"Haya. Wewe ndiye mwenye pua."

Wote wakaridhika, kwa kuwa ni kweli zizi lilikuwa nyuma ya ukuta, na jiko lile lilikuwa na harufu hiyo siku zote. Na kidude hakikulia. Siku zikapita, hakikulia. Fundi akaanza kulala vizuri. Alitembea na kifua mbele akitangaza kwamba pua yake imezaa, na mtoto amemrithi baba. "Kuanzia leo," aliwaambia wapishi, "hakuna tena kunisubiri mlangoni. Kikinyamaza, washeni."

Moyoni alishukuru. Aliona ameutua mzigo bila mtu kujua kwamba alikuwa ameubeba.

Likizo ikaja. Wanafunzi wakaondoka, jiko likafungwa, madirisha yakakomewa. Msimamizi wa shule, mtu wa kupenda usafi, alikuwa ameshabandika nailoni kwenye matundu ya hewa juu ya ukuta ili ndege wasiingie. Koki kubwa ya nje Fundi hakuifunga, kwa sababu mlinzi alichemshia chai yake kibandani kwa bomba lile lile. Kidude alikitungua msumarini akaenda nacho nyumbani. Alitaka kukitengenezea kikasha kizuri, kwa kuwa kukining'iniza uchi namna ile aliona ni kumtia aibu binti yake.

Asubuhi ya kufungua shule, Mama Mwiko alijifunga kanga akashika njia. "Unakuja?"

"Namalizia kikasha. Wewe nenda ukawashe. Hakijapiga kelele tangu kiwekwe, jiko ni salama."

Fundi alibaki barazani. Kidude kilikuwa kimewaka tangu jana, kichwa chake kimeshapata homa yake. Akakiingiza kwenye kikasha alichokitoboa kwa msumari wa moto, akafuta kioo kwa kidole, akasoma. Mia moja na kumi.

Akapuliza. Mia moja na kumi. Akakaza nyaya. Ikabaki pale pale. Akapiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kidude chako kimeharibika."

"Kimefanyaje?"

"Kinasoma chini."

"Chini ya nini?"

"Chini ya hewa safi! Jikoni hewa safi ilikuwa mia tatu na ushei. Hapa barazani mia na kumi. Na nimekipasha moto kama ulivyosema, usije ukanisingizia."

Binti alizirudia tarakimu zile mbili kwa sauti ya chini.

"Baba."

"Naam."

"Hakuna kitu chini ya hewa safi. Hapo barazani ndipo penye hewa safi. Jikoni ulipobonyeza kulikuwa na gesi tayari. Umekifundisha kwamba gesi ndiyo hewa."

"Lakini nilinusa kwanza!"

Maneno hayo yalipomtoka, aliyasikia mwenyewe.

"Baba," binti akasema polepole, "uliponusa, ulisikia nini?"

Fundi aliitazama tarakimu kiooni.

"Mama yuko wapi?"

Akakata simu, akapiga ya mkewe. Ikaitikia humo humo ndani, mezani, ikiwa kwenye chaji.

Sasa mwone Fundi akikimbia. Magoti yake hayakuwa yamekimbia tangu ng'ombe dume alipokata kamba. Kandambili moja ilikuwa yake na nyingine ya mkewe. Alipita kwa fundi cherehani, na fundi cherehani akapaza sauti, "Fundi Pua! Umenusa deni?" Alipita kwa kinyozi, na mteja aliyenyolewa upande mmoja akatoka kuchungulia. Kifua kilimwaka na mate yakawa mazito kama gundi, lakini macho hayakubanduka kwenye bati la paa la jiko lililoonekana ng'ambo ya uwanja. Alingoja kusikia mshindo. Kila hatua aliusikia masikioni, na kila hatua haukuwa umetokea bado.

Akaingia getini. Mlinzi akaanza, "Pua hiyo…" akamwona uso, akampisha.

Mbele ya jiko, Mama Mwiko alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, sanduku la kiberiti mkononi, akiligeuzageuza. Mdogo wake amesimama nyuma yake. Msimamizi alikuwa anatembea huku na huku kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Mlango ulikuwa umefunguliwa nusu.

"Haya, mkuu wa pua kafika," akasema shemeji. "Na viatu vya dada."

"Hamjawasha?" Fundi aliuliza.

"Niwashe kwa amri ya nani?" Mama Mwiko akasema. "Ya msumari?" Akanyoosha mkono ndani, juu karibu na dari, ambako msumari ulikuwa mtupu.

"Nilikuambia uwashe."

"Uliniambia. Nikafika hapa, kidude hakipo. Nikajiuliza, kimenyamaza au hakipo? Mimi nimewasha moto kwa pua yako tangu huyu mdogo wangu hajui kufunga lemba. Sitaanza leo kuwasha kwa ukimya wa msumari. Msimamizi ananisakama, wanafunzi wanaingia mchana, na mimi nimekaa namsubiri mume wangu anuse. Haya, nusa, tufanye kazi."

Fundi akasogea kizingitini. Kidevu chake kikapanda chenyewe kwa mazoea, na macho yakajifumba. Akavuta hewa. Hakukuwa na kitu, kama siku zote.

Hapo shetani alimsogelea, tena si shetani wa mbali. Gesi imo, aliijua kwa tarakimu. Angekunja uso tu, arudi nyuma kwa kishindo, aseme, "Gesi! Tokeni!" Koki ingefungwa, uvujaji ungepatikana, na jioni shule nzima ingeisimulia ile pua. Angekufa na cheo chake. Na likizo ijayo mama watoto angekaa tena juu ya ndoo, kiberiti mkononi, akimsubiri.

Alikuwa amechoka. Si magoti peke yake.

"Kuna gesi," akasema. "Tokeni mlangoni, na taa isiguswe. Lakini si pua iliyoniambia."

"Unasemaje?" msimamizi akasimama.

"Pua yangu imekufa. Zamani."

Shemeji alicheka, akaona hakuna aliyecheka naye, akafunika mdomo.

"Tangu lini?" aliuliza Mama Mwiko.

"Sijui. Haikuaga."

"Na zile 'Washeni' zote?"

"Nilikuwa namwomba Mungu."

"Macho umefumba."

"Macho nimefumba."

Mama Mwiko alinyanyuka. Alimwangalia mumewe kwa muda, kama anavyoangalia gunia kabla ya kuamua kama ni la kubeba au la kuacha. Akamwekea sanduku la kiberiti kiganjani, akazunguka nyuma ya zizi. Hakurudi upesi.

Fundi akafunga koki kubwa. Wakafungua kila dirisha, na msimamizi mwenyewe alipanda ngazi akachana nailoni zake bila kumtazama mtu. Upepo ulipopita vya kutosha, shemeji alisimama mlangoni akanusa kwa niaba ya shemeji yake, akasema, "Imepungua. Imebaki ya ng'ombe," na safari hii ilikuwa kweli. Fundi alikoroga sabuni, akafungua gesi kidogo, akapaka povu kila kiungo, akitambaa kwa magoti. Kwenye jiko moja dogo la pembeni lililokuwa halitumiki, chini ya koki yake, povu lilianza kuvimba taratibu, likapasuka, likavimba tena. Mpira wa ndani ulikuwa umelika. Ulikuwa unapumua siku zote hizo mbele ya kila mtu.

Chai ya wanafunzi ilichelewa, wakaipokea kwa miluzi.

"Sasa nani atanusa?" msimamizi aliuliza, akipangusa mikono. Fundi alijua hilo ndilo swali, na kwamba nyuma yake kuna lingine, la kazi yake. "Maana mkataba wako," msimamizi akaendelea, "unasema kuzoa samadi na kutunza mabomba. Pua haimo. Nilishausoma zamani, nikitafuta sababu ya kukunyima posho."

Jioni Fundi alivuta waya mrefu hadi katikati ya uwanja wa mpira, mbali na zizi, akakiwasha kidude pale, akakaa chini kwenye majani akikingoja kipate moto, hadi siku ya pili yake, akienda na kurudi. Alikuwa amekaa hivyo, kichwa kimeinama, alipoona kanga ya mkewe pembeni yake. Mama Mwiko hakuwa amesema naye tangu jana.

"Hapa ndipo penye hewa safi?" akauliza.

"Nadhani."

"Nani kasema?"

"Hakuna. Sema wewe."

Mama Mwiko akainua kidevu. Alivuta hewa, akatulia, akavuta tena kwa makusudi kabisa, mpaka Fundi akajua anaigizwa.

"Majani," akasema. "Udongo. Na mtu fulani hapa ananuka samadi."

"Hilo sikulijua."

"Wenzako tunalijua." Akainama, akasoma kioo, mia na kumi na tatu, akabonyeza kitufe akakishikilia kama anavyoshika kifuniko cha sufuria inayotaka kumwagika. "Likizo ijayo mlangoni nasimama mimi. Chini ya hiki kidude. Pua yangu na kidude vikikubaliana, ndipo nitasema washeni. Na wewe utakaa kwenye ndoo."

"Nitakaa."

"Na usifumbe macho."

Wakarudi nyumbani bila haraka, yeye akiburuta miguu, mkewe akiwa mbele hatua chache, bado amenuna kidogo. Barazani Fundi alijitupa kwenye kiti. Akavitazama viatu.

"Vua," mkewe akasema toka mlangoni. "Miaka yote hii vinanuka mpaka wageni wanahama baraza. Nilidhani na wewe unavumilia kama mimi."

Fundi akainama, magoti yakalia, akavivua.